Matembele: Zaidi ya Kuongeza Damu

Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua, ushauri humfikia kabla hajafika nyumbani. Jirani atamwambia anunue matembele mafungu mawili, ayaoshe, ayasage kwenye blenda au ayatwange kinuni, achuje, kisha maji yake ya kijani ayanywe asubuhi na jioni. Mama mkwe ataongeza kwamba ni lazima yachemshwe kwanza. Wifi atasema yachanganywe na maziwa, shoga yake atasema na rozela. Watabishana juu ya namna ya kuyanywa tu. Kwamba matembele yanaongeza damu, hapo hakuna mbishi.

Sifa hiyo imeyapa majani ya viazi vitamu heshima ambayo mboga nyingine za bei yake hazijaipata. Lakini ukizikagua namba, unakuta jambo la kushangaza kidogo: matembele yamepata umaarufu kwa kitu ambacho hayana kwa wingi, na yale yaliyojaa ndani yake hayatajwi na mtu.

Tuanze na damu yenyewe. Jedwali la vyakula la Idara ya Kilimo ya Marekani, mojawapo ya yale yanayotumiwa sana na wataalamu wa lishe duniani, linaonyesha kwamba gramu 100 za matembele mabichi zina karibu miligramu 1 ya madini ya chuma. Mjamzito anashauriwa kupata miligramu 27 kwa siku. Kwa hesabu ya haraka, angelazimika kula kilo mbili na nusu na ushei za matembele kila siku, na hata hapo hesabu ingegoma, kwa sababu chuma kitokacho kwenye mimea hakifyonzwi kirahisi kama kile cha nyama, maini au samaki. Sehemu kubwa hupita tu. Kidonge kimoja cha chuma anachopewa kliniki kina kati ya miligramu 30 na 60, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Glasi ya maji ya matembele haiwezi kushindana nacho.

Jambo hili si la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka mitano 58 kati ya kila 100. Upungufu huo hausababishwi na chakula peke yake. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna selimundu, kuna uzazi unaofuatana bila mwili kupumzika. Mama mwenye minyoo anaweza kunywa ndoo nzima ya juisi ya kijani na damu ikaendelea kupungua. Anayeacha vidonge kwa sababu vinamletea kichefuchefu, akategemea matembele matupu, anajiweka hatarini.

Je, bibi zetu walikosea? Si kabisa. Majani haya yana foleti, vitamini ambayo mwili unaihitaji kutengeneza chembe nyekundu za damu. Yana pia kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A huusaidia mwili kukitumia chuma ulichonacho akiba. Ikikosekana, chuma hubaki ghalani na damu inapungua vilevile. Kwa hiyo matembele yanaifikia damu kwa kuzunguka, kupitia mlango wa nyuma. Yanapoliwa kama mboga pamoja na dagaa, maharage au kipande cha nyama, huku vidonge vikiendelea, yanasaidia. Kama dawa ya kusimama peke yake, yanabebeshwa mzigo usio wao.

Na hiyo vitamini A ndiyo inayostahili kusimuliwa kwa sauti kubwa. Ndani ya majani mabichi gramu 100 mnapatikana karibu mikrogramu 190 za vitamini A, zikiwa katika umbo la beta-karotini, rangi ile ile inayoifanya karoti iwe ya machungwa, ila hapa imefunikwa na kijani kibichi. Yakishapikwa kwa mvuke hubaki karibu mikrogramu 147. Mwanamke mtu mzima anahitaji 700 kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji 300. Sahani ndogo ya matembele inampa mama sehemu ya tano ya mahitaji yake, na mtoto akila nusu ya hiyo amepata robo ya yake. Tanzania huwapa watoto wa miezi 6 hadi 59 matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa upungufu wake hudhoofisha kinga ya mwili na huweza kumnyima mtoto uwezo wa kuona giza linapoingia. Matone hayo ni ya kila baada ya miezi sita. Matembele yapo gengeni kila siku.

Linganisha na kabichi, mboga iliyotawala vibanda vya mama lishe kwa sababu haiharibiki haraka na kichwa kimoja hulisha watu wengi. Kabichi ina mikrogramu 5 tu za vitamini A kwa gramu 100. Protini yake ni nusu ya ile ya matembele, na nyuzinyuzi pia ni nusu. Inashinda kwenye vitamini C, na hapo inashinda kwa mbali: miligramu 36 dhidi ya 11. Mlaji akiletewa sahani mbili na kuambiwa achague kwa lishe, kabichi haina ubavu wa kusimama.

Kuna kingine kinachoitwa luteini. Hiki hujikusanya ndani ya jicho upande wa nyuma, mahali pale mtu anapopatumia kusoma maandishi madogo au kutunga uzi kwenye sindano, na wanasayansi wanaamini kinasaidia kulikinga eneo hilo na madhara ya mwanga. Matembele mabichi yana zaidi ya miligramu 14 za luteini na ndugu yake zeaksanthini kwa gramu 100. Kiasi hicho kinaizidi hata spinachi, mboga inayosifiwa kwa ajili ya macho katika nchi tajiri. Vitamini K, inayosaidia damu kuganda mtu anapojikata, nayo imo ya kutosha: gramu 100 zilizopikwa zinatimiza mahitaji ya siku nzima ya mwanamke. Potasiamu, rafiki wa shinikizo la damu lililo sawa, inafika miligramu 500 kwenye mabichi.

Kuhusu protini kuna kitendawili kidogo. Gramu 2.5 kwa kila gramu 100 zinaonekana chache, mpaka ukumbuke kwamba sehemu 87 kati ya 100 za jani ni maji. Yakaushe, na karibu sehemu ya tano ya kinachobaki ni protini. Ndiyo maana ng'ombe na mbuzi wanaolishwa marando, yaani mashina ya viazi vitamu pamoja na majani yake, hunawiri, na wafugaji wa maeneo mengi ya Kenya hupanda viazi vitamu huku wakihesabu marando kama malisho.

Cha ajabu ni jinsi dunia ilivyokitazama kiazi cha mmea huu na kulisahau jani. Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru, pamoja na Howarth Bouis wa HarvestPlus. Hao watatu wa kwanza walitunukiwa kwa kazi ya kueneza viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vile ambavyo Tanzania vinaitwa viazi lishe, ili Waafrika wanaokula viazi vyeupe wapate vitamini A. Ni kazi kubwa na walistahili. Ila katika shamba la viazi vyeupe, ambavyo vyenyewe karibu havina vitamini A, vitamini hiyo ilikuwapo muda wote. Ilikuwa juu ya ardhi, ikiliwa na mbuzi.

Si kila mahali, lakini. Pwani ya Tanzania na Dar es Salaam matembele ni mboga ya kila wiki, na upande wa Kongo yanaliwa hivyo hivyo na kuitwa kwa jina hilo hilo. Sierra Leone na Liberia huyakata membamba, huyapika na mafuta ya mawese, pilipili na samaki, na kuyamwagia juu ya wali. Huko ni chakula cha taifa zima. Ufilipino huyachovya kwenye maji ya moto kidogo tu na kuyala na siki. Kinyume chake, katika sehemu kubwa ya Uganda, nchi inayokula viazi vitamu kuliko karibu zote Afrika, majani huachiwa mifugo, na mtu akiyapika hutazamwa kwa huruma.

Huruma hiyo Taiwan wanaijua vizuri. Kisiwani humo majani ya viazi yalikuwa chakula cha nguruwe na cha watu waliokosa kingine wakati wa shida. Leo hukaangwa na vitunguu saumu na kuandaliwa katika migahawa yenye vitambaa mezani. Taasisi iliyochangia kuyapandisha hadhi majani ya kila namna, Kituo cha Mboga Duniani, ilianzishwa huko huko Taiwan mwaka 1971, na tawi lake la Afrika Mashariki na Kusini lipo Arusha, likihifadhi mbegu za mnavu, mchicha, mgagani na mboga nyingine za asili ambazo vijana wa mjini wanaziona za kijijini.

Wajapani nao waliingia maabara. Mwaka 2002 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kuyapima majani ya aina zaidi ya 1,300 za viazi vitamu, wakakuta yana wingi wa kemikali za kundi la polifenoli, zinazopambana na uharibifu wa chembe za mwili. Tangu hapo tafiti za maabara zimekuwa nyingi, na kama ilivyo kawaida, kila moja ikifika kwenye simu za watu huwa imeshakua na kuota mbawa: matembele yanatibu kisukari, yanaua saratani, yanasafisha ini. Kemikali kuua chembe za saratani ndani ya kichupa ni jambo moja. Mgonjwa kupona ni jambo lingine kabisa, na hilo bado halijathibitishwa kwa matembele. Mwenye kisukari atafaidika nayo kwa sababu iliyo rahisi zaidi: yana nyuzinyuzi, hayana wanga mwingi, na sahani ikijaa mboga, tonge la ugali linapungua.

Sasa jikoni, ambako faida nyingi hupatikana au kupotelea.

Mpishi wa Pwani kwanza huyachambua, akichukua ncha laini na majani machanga, akimenya ngozi ya vikonyo ili visiwe na nyuzi ngumu. Wengi huyaanika kidogo yanyauke, kisha huyaosha kwa kuyafikicha ili utomvu na ukakasi utoke. Halafu yanaingia sufuriani na kitunguu, nyanya, pengine bamia au nyanya chungu, na mwisho tui la nazi. Bara watu wengi hutumia karanga zilizotwangwa badala ya nazi. Mwenye dagaa huongeza dagaa.

Mapishi haya yana akili kuliko wapishi wenyewe wanavyodhani. Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji; huyeyuka kwenye mafuta. Pasipo mafuta kwenye mlo, utumbo huiacha ipite. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa mtu kinatosha kuifungulia njia, na tui au karanga huleta zaidi ya hapo. Moto nao, kwa kiasi, ni rafiki: hulainisha kuta za jani ambamo karotini imefungwa na kuiachia. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzao wa Sweden walipozipima mboga za majani za nchini, waliona kwamba karotini inayoweza kufyonzwa huongezeka mboga inapopikwa na mafuta.

Urudie basi ile juisi ya kijani. Mara nyingi haikupikwa, haina mafuta, na makapi yake yamechujwa na kutupwa pamoja na nyuzinyuzi na sehemu ya karotini iliyong'ang'ania humo. Kati ya njia zote za kuyala matembele, iliyopata umaarufu wa kuongeza damu ndiyo inayoyanyang'anya mengi. Bakuli la matembele ya nazi lingemfaa mama yule mara nyingi zaidi, na lingempa hamu ya kula.

Vitamini C ina tabia tofauti. Haipendi moto, haipendi maji mengi, na matembele yaliyopikwa hubaki na kidogo sana. Dawa yake ni limau au ndimu inayokamuliwa mezani, au chungwa baada ya chakula. Hilo pia huongeza kiasi cha chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mboga. Chai ya rangi inayonywewa palepale na chakula hufanya kinyume: tanini zake hukikamata chuma na kukizuia, hivyo ni heri isubiri saa moja au mbili. Na magadi, yanayotiwa na wengi ili mboga iwive haraka na ibaki kijani cha kuvutia, huua vitamini C pamoja na vitamini B1. Majani machanga hayahitaji magadi. Dakika chache zinayatosha.

Kanda ya Ziwa na mikoa ya kati kuna utamaduni wa kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi. Hapa adui ni jua lenyewe. Mwaka 2003 watafiti Mulokozi na Svanberg walionyesha kwamba mboga za majani zilizokaushwa juani wazi hupoteza karotini nyingi kuliko zilizokaushwa ndani ya kaushio la sola lililofunikwa. Asiye na kaushio anaweza kuzianika kivulini penye upepo, zikiwa zimekatwa nyembamba ili zikauke upesi, na kuzihifadhi mahali pasipo mwanga.

Yapo pia ya kuangalia. Matembele yana oksaleti, zinazoikamata kalsiamu na ambazo kwa wenye historia ya mawe ya figo si habari njema. Kuyachemsha na kumwaga maji huzipunguza, ingawa potasiamu nayo huondoka. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi huambiwa apunguze potasiamu, kwa hiyo mboga hii aizungumzie na daktari wake kwanza. Anayetumia warfarini, kwa mfano aliyewekewa vali bandia ya moyo, anapaswa kujua kwamba vitamini K hupingana na dawa hiyo. Hakatazwi kula, anatakiwa asile mafungu matatu wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo, kwa sababu dozi yake imepimwa kulingana na mlo wake wa kawaida.

Na kosa moja lisifanywe na mtu yeyote. Viazi mviringo, vya chipsi, si ndugu wa viazi vitamu licha ya jina. Vyenyewe ni jamaa ya nyanya na bilinganya, na majani yake yana sumu iitwayo solanini. Hayaliwi.

Swali linalowahusu zaidi wakazi wa miji ni mahali matembele yalikolimwa. Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya mboga zake za majani kutoka bustani zilizo ndani ya jiji lenyewe: kando ya barabara, chini ya nyaya za umeme, mabondeni. Matembele na mchicha ndizo mboga zinazopendwa na wakulima hao, kwa kuwa huleta fedha haraka na wanunuzi huja wenyewe na kununua tuta zima likiwa shambani. Bonde la Msimbazi ni miongoni mwa maeneo hayo, na mto wake hubeba maji machafu ya viwanda na ya majumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Msimbazi na Sinza ulikuta ndani yake madini mazito, ikiwemo risasi. Kuosha huondoa udongo, vijidudu na sehemu ya dawa za kunyunyizia. Madini yaliyofyonzwa na mizizi yakaingia ndani ya jani hayaoshiki. Kumuuliza muuzaji mzigo umetoka wapi si dharau, na wanunuzi wakiuliza kwa wingi, wauzaji watalazimika kuwa na jibu.

Mwenye kiwanja cha hatua chache nyuma ya nyumba anaweza kulikwepa swali hilo. Matembele hayahitaji mbegu za dukani. Pande la rando lenye urefu wa shubiri moja na nusu hivi, likizikwa nusu yake kwenye udongo wenye samadi na kumwagiliwa asubuhi na jioni, huchipua ndani ya siku chache, na baada ya wiki nne au tano ncha za kwanza zinakatwa. Kila ncha inapokatwa, machipukizi mengine hutokea pembeni, na tuta moja huweza kuchumwa kwa miezi. Hata gunia lililojazwa udongo barazani linafaa. Adui wakubwa ni inzi weupe na vidukari, wanaosambaza virusi. Rando lenye majani yaliyojikunja na kupauka halifai kupandwa hata likitolewa bure.

Mkulima anayetaka viazi chini na mboga juu, kama wale wa Gairo, Geita au Shinyanga, inabidi awe na kiasi. Jani ndilo linalotengeneza chakula kinachojazwa kwenye kiazi, na shamba linalochumwa kila wiki hutoa viazi vidogo. Wengi hutenga tuta moja au mawili ya kuchuma, karibu na kisima au chini ya migomba, na mengine huyaacha yafunge. Tuta hilo lina kazi ya pili: kiangazi kikikausha kila kitu, ndilo linalobaki na marando mabichi ya kupandia mvua zinapoanza, wakati ambao majirani wasio nayo huanza kupita wakiyaulizia.